Hesabu ya Kutokuwepo

Kalenda ya duka la mbegu, ukutani Nyalenda,
ina picha ya ng'ombe wa gredi na simu ya wakala.
Kila asubuhi naikata siku kwa kalamu nyekundu
kabla sijamgeuza mama ubavu wa pili.
Leo ni ya mia moja sitini na tatu.

Ghent nako wananihesabu.
Kwao kila siku niliyo hapa ni siku ambayo sipo.
Miaka kumi na mmoja mama naye alisema hivyo hivyo
kila mgeni aliponiulizia: oonge.
Hakuhitaji fomu.

Haki hii sikuzaliwa nayo.
Ilikuja na Duarte, Mreno, fundi umeme,
kama ndama afuataye ng'ombe aliyenunuliwa.
Yeye akikaa, nami nakaa.
Akiondoka —
hapo ndipo karani alipoinua kichwa.

Na Duarte ameondoka. Mkataba wa miezi tisa,
mitambo ya upepo, baharini, upande wa Uskoti,
nje ya Umoja, nje kidogo tu,
mpaka ambao ndege wa majini hauoni.
Akinipigia, upepo hujibu kabla yake.
"Apondi, kodi nimelipa. Risiti ya umeme nimeitunza."
Siku hizi ndivyo tunavyopendana:
bima, risiti, barua ya mwajiri yenye muhuri,
ushahidi kwamba nyumba isiyo na mtu bado ni yetu.
Taa ya sebuleni ameitega ijiwashe saa moja jioni.
Hakuna sheria iliyomtaka afanye hivyo.

Wakili alinisomea kwa simu, polepole.
Miezi sita ndani ya mwaka, haivunji kitu.
Zaidi ya hapo ni mara moja tu, kwa sababu nzito:
uzazi, ugonjwa mkali, masomo, kutumwa kikazi.
"Ugonjwa wa nani?" nikauliza.
Nikasikia akifunua kurasa.
"Hapo," akasema, "wanasheria hubishana."
Wabishane. Mimi nina uji jikoni.

Pale Rasha, hospitali kubwa,
kijana wa viungo, Wafubwa, alitupa zoezi:
mama ahesabu vidole vyake kwa sauti, kila jioni,
mpaka ulimi ukumbuke njia.
Achiel, anasema mama. Ariyo.
Kwenye adek anakwama
kama trela la miwa kwenye tope la Muhoroni.
Tunaanza upya.
Yeye anapanda, mimi nashuka:
nimebakiwa na kumi na tisa.

Jana alifika abich.
Akautazama mkono mzima
kana kwamba ameletewa wa jirani,
kisha akautambua, akacheka kwa upande mmoja wa uso.
Kaka yangu Omuga, simuni kutoka Nakuru:
"Nenda tu. Tutatafuta mtu wa kumwangalia."
Tutatafuta. Neno hilo nalifahamu,
lilitafuta pia fundi wa bati hili.

Maana saa kumi mvua ilishuka kutoka Riat bila hodi
ikaenda moja kwa moja kwenye tundu lake.
Sikuwa na pakavu pa kuweka makaratasi
ila ile bahasha ya kahawia ya eksirei.
Basi vyote vimo humo:
kadi ya ukaazi, yenye uso wangu wa zamani,
cheti cha ndoa kilichotafsiriwa mara mbili,
na kichwa cha mama, cheusi, kinang'aa,
chenye wingu jeupe upande mmoja.
Ofisa yeyote atakayeifungua
itambidi aanze na hilo.

Abich, mama anaita kutoka kitandani.
Nasimama na kalamu mkononi.
Ang'wen.
Leo anashuka, kama mimi.
Sijui nani kamfundisha.